Nimelipia TV ndogo nione Bodø/Glimt, dakika za nyongeza wakanihamishia Man U! Wana Mtwara, huu ni uungwana?

Wakuu, habari za sikukuu.

Leo Jumamosi tarehe 19 Aprili 2025, lakini hasira zangu ni za tangu juzi Alhamisi usiku. Mke wangu kasema nikiendelea kugomba peke yangu pale kwenye cherehani atanipeleka hospitali ya Ligula nikapimwe. Kwa hiyo nimekuja kutua mzigo huku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite.

Mjue kwanza naongea kama nani. Ni fundi nguo, nakaa Chikongola, baba wa watoto watatu. Simba sina, Yanga sina. Nilikuwa mtu wa Ndanda, timu ya hapa Mtwara. Nimekaa uwanja wa Nangwanda Sijaona na jua la saa kumi usoni tangu wanapanda ligi kuu msimu wa 2014/15 mpaka wanashuka 2020, na nilichokiona pale kinanitosha: wakija wa Kariakoo, uwanja unajaa watu wa hapa hapa Mtwara waliovaa jezi za wageni, sisi wenye timu tumebanwa kona moja kama wapangaji wanaodaiwa kodi. Iliposhuka nikasema basi, mapenzi ya kufuata mkumbo siyawezi.

Ila nina kijana wangu wa pili, sasa yuko darasa la sita. Huyu ndiye aliyenirudisha kwenye mpira, na aliingilia mlango ambao sikuutegemea. Oktoba 2021 nilimsimulia kwamba kuna timu ya mji mdogo huko Norwei, Bodø/Glimt, imeipiga Roma ya Mourinho bao 6-1. Akaniuliza, baba, huo mji uko wapi? Tukafungua ramani ya dada yake ya shule. Bodø. Juu kabisa, sehemu ambayo kuna kipindi cha mwaka jua halizami. Mji wa watu elfu hamsini na kitu, Mtwara Mjini tumewazidi kwa mbali, na uwanja wao unabeba watu elfu nane hivi. Dogo akasema hii ndiyo timu yangu. Nikadhani ni utoto, utapita.

Haukupita. Tuna kaunta buku zima sasa hivi. Kila Jumapili jioni tunakaa tunaandika matokeo: Eibar, mji wa Wabaski usiofika watu elfu thelathini lakini ulikaa La Liga miaka 7. Union Berlin, ambao mashabiki zaidi ya elfu mbili walibeba zege wenyewe mwaka 2008 na 2009 wakaujenga uwanja wao upya. AFC Wimbledon, timu iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2002 baada ya timu yao kuhamishiwa mji mwingine kama duka la simu. Klaksvík ya visiwa vya Faroe. Union Saint-Gilloise ya Brussels, ambayo ubingwa wake wa mwisho ni wa 1935, babu yangu hajaoa. Na Namungo wa Ruangwa hapo jirani wana ukurasa wao, tena dogo kaandika kwa wino mwekundu ile mechi na Primeiro de Agosto: wamesafiri mpaka Angola, wakawekwa karantini ya korona, mechi haikuchezwa, mwisho zote mbili zikachezwa Dar na wa Ruangwa wakawapiga 6-2 ya kwanza. Mtoto anajua miji ambayo mwalimu wake wa jiografia hajaisikia. Mimi nikiona hivyo nasema acha ale bando langu.

Sasa Alhamisi. Robo fainali ya Europa, marudiano, Lazio na Bodø/Glimt pale Rome. Nyumbani kwao Bodø wameshinda 2-0, Saltnes katupia yote mawili. Mechi saa nne usiku, kesho yake Ijumaa Kuu, shule hakuna. Mama yake nilimbembeleza siku tatu.

Nikaenda kwa mwenye banda umiza la huku kwetu, jina simtaji, wa mtaa wanamjua. Ana TV mbili: kubwa ya mbele na ndogo ya inchi 32 iko pembeni karibu na friji la soda, kila moja na king'amuzi chake. Nilijua ile kubwa ni ya Man U na Lyon, sikuwa na ugomvi na hilo. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo ndogo nakulipia mimi, uniwekee Lazio na Bodø, mpaka mwisho. Akacheka, akasema mzee wewe na timu zako za dawa za kienyeji. Lakini elfu tano yangu alipokea! Kiingilio ni mia tano, mimi nimelipa elfu tano, Jumatano, siku moja kabla, mbele ya watu.

Dogo naye kajiandaa. Kwa wasiojua, mashabiki wa Bodø wana desturi ya kwenda uwanjani na miswaki mikubwa ya njano, mikubwa ya kubebwa begani. Akatengeneza wa kwake. Fito ya mwanzi, kipande cha godoro kimekatwa meno, rangi ya njano iliyobaki kwenye geti la jirani. Siku mbili nzima hakucheza. Mimi fundi, nilimshonea ule mfuko wa kichwani nikaweka na pindo.

Kufika mlangoni, vicheko. "Mzee, leo mnapiga mswaki?" Sawa, tucheke wote, hata mimi nilicheka. Mwenye banda akasema uachwe nje, unaziba watu. Tukauegemeza ukutani.

Dakika 90 nilipewa, siwezi kudanganya. Castellanos kafunga dakika ya 21, tukavumilia, tukavumilia, dogo kakamata goti langu mpaka linauma. Dakika za lala salama kabisa, 90 na tatu, Noslin anafunga. 2-0, jumla 2-2. Tunaenda dakika za nyongeza. Huku kwa kina Man U nako Lyon wamechomoa mbili, nao dakika za nyongeza.

Hapo ndipo jamaa alipochukua rimoti.

Sikusikia neno lolote. Nimeinama nampa dogo karanga, nainua macho, TV yangu inaonyesha Old Trafford. TV zote mbili mechi moja! Nikasimama. Namuuliza vipi? Ananijibu bila kunitazama, "Mzee, wa nyuma hawaoni ile kubwa, na watu wana mikeka yao ya kubeti hapa." Namwambia nimelipia. Anasema "mechi ni dakika tisini, umeziona zote."

Wakuu, nisaidieni hapo. Mechi ya mtoano ni dakika tisini? Kwa sheria ipi? Kama mechi ni dakika tisini, mbona hao wa Man U hakuwaambia waende wakalale?

Nikabaki na simu, MB zimebaki kiduchu, nasoma maandishi kama mtu anayesoma barua ya msiba. Dakika ya 100 Dia kafunga, 3-0, nikamwambia dogo basi tena. Dakika ya 109 Helmersen kafunga kwa Bodø! 3-1, jumla 3-3! Dogo karuka peke yake katikati ya banda zima, na wakati huo huo Lacazette kafunga penalti, Lyon 4-2, kwa hiyo watu wa Man U wakadhani mtoto wa miaka kumi na mbili anawashangilia mkosi wao. Mmoja akamwambia "wewe mtoto toka nje." Mtoto wangu!

Na sasa lisikieni hili, maana ndilo linaloniuma kuliko elfu tano. Baada ya 4-2, nusu ya banda walitoka. Wamekata tamaa, mikeka imechanika, viti vitupu. Nikamfuata jamaa kwa upole kabisa, mdogo wangu, watu wameondoka, wa nyuma ni nani sasa, nirudishie yangu nione hata matuta ya penalti. Akasema subiri mzee. Subiri nini? Bruno kafunga penalti dakika ya 114, waliotoka wakarudi wanakimbia, Mainoo dakika ya 120, Maguire dakika ya 121, 5-4, banda likawa kama ngoma ya unyago. Soda ikamwagikia shati langu. Sikatai, ilikuwa mechi ya ajabu, mwenye akili timamu hawezi kuikataa. Lakini sikuilipia mimi!

Ilipoisha wala hakugusa rimoti. Akaongeza sauti ya wachambuzi. Wakati huo Rome wanapiga matuta, na bando langu likaisha wakati Bodø na Lazio wako sawa.

Tukatoka, saa saba kasoro. Mswaki umevunjwa katikati, godoro limekanyagwa, kuna mtu kaufanya fimbo ya kushangilia. Dogo kaokota vipande, hakulia, na kweli angelia ningejua cha kufanya.

Asubuhi nimemgongea muuzaji wa genge la vocha kabla hajanawa uso, nikanunua bando. Bodø wameshinda matuta 3-2. Klabu ya kwanza ya Norwei kufika nusu fainali ya kombe la Ulaya. Nikamwamsha. Akakaa kitandani, swali lake la kwanza: "Baba, Haikin kadakaje?" Haikin ndiye golikipa wao. Sikuwa na jibu. Nilikuwa banda umiza usiku kucha na sikuwa na jibu.

Nimemfuata jamaa jana. Nadai elfu tano na mswaki. Kanijibu niende kuangalia mechi tatu za Yanga bure. Mtu kakukata mguu anakupa kiatu.

NYONGEZA, Jumapili tarehe 20: Nimesoma majibu yenu. Uliyeandika "mtoto wa miaka 12 saa saba usiku banda umiza, wewe ni mzazi gani", nimekusikia, mama yake kaniambia hayo hayo kwa maneno makali zaidi, nimenyamaza kwake na kwako nanyamaza. Uliyesema nimfundishe mtoto kushabikia timu ya maana, niambie timu ya maana inapimwa kwa kibaba au kwa pishi? Na mkuu wa Lindi uliyesema hata kwenu Ilulu banda moja lilimzimia mtu mechi ya Rayo Vallecano, nicheki, mimi na wewe tuna ndoto moja. Wale wa "pole mzee wa mswaki", endeleeni tu.

NYONGEZA, tarehe 2 Mei: Jana Mei Mosi nusu fainali na Tottenham, London. Kwa jamaa sikwenda. Nilimpeleka dogo hoteli moja kule Shangani, soda mbili bei ya kilo ya nyanya, lakini skrini ni yako na mhudumu anakuuliza sauti inatosha? Tumepigwa 3-1. Saltnes alipofunga dakika ya 83 dogo alipiga kelele wageni wakageuka, mhudumu akaja anakimbia akidhani kameza mfupa. Marudiano wiki ijayo kwao. Kwenye kaunta buku kaandika "bado".

NYONGEZA, tarehe 22 Mei: Marudiano tulifungwa 2-0, yamekwisha, sitaki pole. Lakini jana fainali Bilbao ilikuwa Tottenham na Man U. Jamaa kaweka spika nje tangu asubuhi, kiingilio kapandisha mpaka elfu moja. Mimi nilikuwa napeleka suruali ya mteja, njia ya karibu haipiti pale. Nikapita pale. Tottenham 1-0. Nilipita tena wakati wa kurudi, polepole, nikasalimia kila mtu kwa jina. Hakuna aliyeitika vizuri.

NYONGEZA, tarehe 26 Mei: Jana Union Saint-Gilloise wametwaa ubingwa wa Ubelgiji, miaka 90 tangu ule wa 1935. Dogo kapigia mstari mara tatu mpaka karatasi ikatoboka. Halafu leo mchana simu ikalia meseji ya pesa, nimetumiwa elfu tatu kutoka kwa jamaa wa banda. Nikampigia. Anasema mzee, watu wamenisumbua, kila anayeingia ananiuliza "ya mzee wa mswaki umelipa?", chukua hiyo, iliyobaki utakuja kukaa bure.

Sikai bure. Bado elfu mbili, na mswaki.