Mchakamchaka ulitujenga au ulitukimbiza tu?

Wakuu habari za asubuhi, hii mada imeanzia kijiweni kwenye kahawa jana hapa Mtwara mjini. Mzee mmoja kasema vijana wa sasa hawana uzalendo sababu mchakamchaka umefifia, shule zirudishe paredi ya kikwelikweli na watoto wakariri ahadi kama sisi. Wote wakaitikia, mimi nikabaki nakitazama kikombe changu.

Nimeanza darasa la kwanza Newala 1982. Alfajiri tunakimbia peku tunaimba kumkejeli Idi Amin ambaye hata sura yake hatuijui, halafu mstarini bendera inapanda, wimbo wa taifa, kisha ahadi za TANU (chama kilishakuwa CCM tangu 1977 ila ahadi ni zilezile). "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Tunapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inatoka. Tukimaliza, mwalimu mmoja anachagua darasa la kwenda kuokota korosho kwenye shamba lake yeye, sio la shule, na wengine wanateremka bondeni na ndoo kumchotea maji, na mnaoijua Newala mnajua maji ya kule yalivyokuwa mbali. Elimu ya kujitegemea hiyo, anajitegemea yeye.

Sasa hapo ndo penye utata, maana ile ahadi ndo ilonifanya nijue kuwa mwalimu anakosea, nisingeikariri ningeona kawaida tu. Kwa hiyo siwezi kusema haikunijenga, imenijenga ila sio kama walivyotaka, wao walitaka nitii mi nikaanza kuhesabu madebe ya korosho zake. Mpaka leo karani akinipunja kilo kwenye mizani, neno la kwanza kunijia mdomoni ni hilohilo la cheo.

Nyie wenzangu mnasemaje?

— Mkuu umeongea, ila unasahau sisi Wamwera, Wamakonde na Wayao tulisimama mstari mmoja tukaimba Kiswahili kimoja, hilo dogo? Mi niko Lindi, nikisikia filimbi ya kushusha bendera jioni miguu inasimama yenyewe.

— Miguu inasimama sawa ndugu yangu. Na wale wa Mtwara wa 2013 waliokataa gesi yao isiende Dar kwa bomba wakaambiwa sio wazalendo, si ndo haohao waliokimbia mchakamchaka? Nani sasa hakukariri vizuri, wao au waliowaita hivyo?