Mjadala: Hoteli moja, dakika kumi. Hayo ni mapumziko ya chakula?

Mama wa Mbezi: Wadau, salaam. Desemba haiko mbali, na wengi wetu tutajazana Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, Dar, na watoto na mabegi, tukielekea Moshi, Mbeya, Mwanza. Kabla hatujapanda, naomba tulizungumze suala la chakula cha njiani.

Basi linaondoka alfajiri. Likifika mahali anapopajua dereva, konda anatangaza: "Dakika kumi, chakula na kuchimba dawa!" Mama mwenye watoto watatu, ndani ya dakika kumi hizo, apeleke mmoja chooni, apange foleni ya kulipia, apange nyingine ya kupakuliwa, alishe, na yeye ale. Haiwezekani. Tunaishia kumeza wali wa moto tumesimama huku honi inapigwa, au tunarudi kwenye kiti na boksi la chipsi ambalo mtoto atalitapika kona ya kwanza. Na hoteli ni hiyo hiyo moja, bei imepangwa na mtu anayejua huna pengine pa kwenda.

Msimamo wangu: LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ndiyo inayopitisha ratiba za mabasi. Iingize humo nusu saa kamili ya chakula kwa kila safari inayozidi saa sita, na basi lisimame penye wauzaji zaidi ya mmoja. Nawasikiliza.

Mpare wa Same: Dada yangu, suluhisho liko jikoni kwako. Mimi natoka Dar na makande yangu kwenye hotipoti, chapati zimefungwa kwenye kitambaa, chupa ya chai pembeni. Nikifika Segera nanunua machungwa dirishani, basi. Wenzangu wakikimbizana na sahani, mimi nanyoosha miguu. Serikali haiwezi kukupikia. Tuwafundishe watoto kubeba chakula kama walivyofanya mama zetu, na hela ya hoteli ukamkabidhi bibi yao ukifika.

Mangi Mdogo: Mtani, makande nimekubali. Ila hujataja mayai ya kuchemsha, na najua unayo! Mabasi ya siku hizi yana kiyoyozi, madirisha hayafunguki. Mtu anamenya mayai manne Chalinze, harufu tunashuka nayo Himo. Likitungwa hilo sharti la nusu saa, na mayai yawekewe sharti lake.

Mpare wa Same: Yai la kuchemsha linashibisha, halimwagiki, na mtoto analishika mwenyewe. Mtani, vumilia.

Mama wa Mbezi: Jamani, kubeba nakubali, na mimi hubeba maandazi na viazi vitamu. Lakini Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Kuku uliyemkaanga jana usiku, akikaa kwenye joto la buti la basi hadi jioni, utampa mtoto? Halafu si kila msafiri ana jiko. Kuna mwanafunzi anayetoka bwenini, kuna anayerudi kumzika mzazi amepata habari usiku. Hao wabebe nini?

Konda Mstaafu: Nimefanya ukonda njia ya Mbeya kwa miaka mingi, niruhusuni niwaeleze mambo yanavyokwenda.

Basi haliingii hoteli fulani kwa bahati. Mwenye basi na mwenye hoteli wameelewana. Hoteli inatoa uwanja wa kuegesha, vyoo, na chakula cha dereva na wahudumu bila malipo. Basi linaleta abiria hamsini na kitu wenye njaa. Chakula cha dereva kinalipwa na nani? Na nyinyi, kimo ndani ya bei ya sahani yenu. Lakini mkisema twende kwa mama ntilie kwa kuwa wali wake ni mtamu, na ni kweli ni mtamu, mama ntilie hana choo cha watu hamsini wala uwanja wa kugeuzia basi. Mkiteremka barabarani na watoto, malori ya Tunduma yanapita hapo hapo.

Sasa dakika. Zamani dereva aliyechelewa mezani alifidia kwa kukanyaga mafuta. Siku hizi basi lina kifaa cha kufuatilia mwendo, akivuka kilomita 80 kwa saa anaonekana. Hilo ni jema, limeokoa roho za watu. Ila maana yake ni kwamba dakika 20 unazoongeza mezani zinaongezeka mwisho wa safari. Ukute na foleni ya malori mlima Kitonga, utaingia Mbeya usiku mnene, na wewe huyo huyo utamlaumu konda.

Mama wa Mbezi: Kaka Konda, asante, umeeleza vizuri. Ila hapo kwenye usiku sikubaliani nawe. Kwa karibu miaka 30 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, na dereva alikuwa na sababu ya kutukimbiza. Tangu Oktoba 1, 2023 ruhusa imetolewa, saa 24. Ile hofu ya kulala njiani imekwisha, lakini tumebaki na mwendo wake ule ule. Halafu dereva naye ni mtu. Anayekula ugali kwa dakika saba kisha anaushika usukani ndiye amebeba wanangu. Nusu saa ninayoidai ni yake pia.

Nesi wa Singida: Nami naongezea upande wa afya. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini hupanga sindano na mlo. Akichoma kisha basi likaipita sehemu aliyoitegemea, sukari inashuka, anaanza kutetemeka na kutoka jasho kwenye kiti. Wajawazito na wazee wengi huacha kunywa maji tangu asubuhi kwa kuogopa kumwomba konda asimame. Wakifika kichwa kinauma, na miguu imevimba kwa kukaa muda mrefu. Kwa watu hawa kuongezewa dakika tu hakutoshi, wanahitaji kujua mapema: tutasimama wapi, saa ngapi, kwa muda gani. (Wanaopita Singida, kuku wetu wa kienyeji wanawasubiri, na kuwala hao, dakika kumi haziwatoshi kabisa.)

Mwanafunzi Dodoma: Pandeni treni ya SGR! Inafika Dodoma tangu Julai 2024, saa chache tu umefika, hata njaa haijauma.

Mangi Mdogo: Dogo, SGR haifiki Himo. Ikifika, nitakununulia soda.

Mtu wa Mombasa: Nanyi msidhani penye wauzaji wengi ndipo penye nafuu. Sisi kati ya Mombasa na Nairobi tuna Mtito Andei, karibu nusu ya safari, mikahawa imepangana. Lakini basi likishaingia ua wa mkahawa wake, nani ataacha mizigo na kukimbia kwa jirani kutafuta mahamri na mbaazi? Unakula ulipofikishwa. Kwa hivyo dada, shikilia muda kwanza. Abiria akiwa na muda, miguu yake itamchagulia meza.

Mama wa Mbezi: Hilo nalichukua. Basi narekebisha hoja. Siku hizi tunakata tiketi mtandao, na tiketi inaandika jina, kiti na saa ya kuondoka. Iandike pia mahali pa kula, saa inayokadiriwa, na dakika za kusimama. Mwenye kisukari apange sindano yake, mama aamue abebe nini, na anayeona bei ya hoteli hiyo haimfai achague basi lingine. Na dakika zisipungue 30.

Konda Mstaafu: Ya tiketi naiunga mkono kwa asilimia mia. Hata konda atapumzika na maswali. Ila dakika 30 bado nakataa. Mimi nasema 20, na nitawaambia nusu saa yenu inapotelea: Mbezi. Saa ya kuondoka imefika, abiria bado anaaga ndugu, mwingine gunia lake la mchele halijapimwa, mwingine yuko kwenye bodaboda anapiga simu "nipo hapa Kimara, msiniache". Nyinyi waheni kituoni, mimi nitawatetea kwa mwenye basi.

Mama wa Mbezi: Kwa hiyo tumekubaliana tiketi iandike, tumebakiza dakika kumi za kugombania. Mimi sishuki chini ya 30 mpaka nipate mtu wa kunionyesha jinsi ya kumlisha mtoto wa miaka miwili kwa dakika 20 na kumpeleka chooni. Kina mama mlioweza, karibuni mtoe ushahidi.