Mbwa anatikisa mkia halafu anamrukia paka, nisaidieni kumsoma

KijanaWaGoba:
Wakuu habari za jumapili. Nina mbwa wangu dume wa kienyeji anaitwa Bobi, ana kama miaka mitatu, mchana anakuwa kwenye mnyororo usiku tunamfungulia alinde. Hajawahi kumng'ata mtu. Sasa mwezi huu shemeji kahamia kwetu na mtoto wake wa miaka minne na paka wao, na hapo ndo vurugu ilipoanza. Bobi akimuona paka anasimama, mkia juu, anautikisa haraka haraka, mama akawa anasema mwacheni kafurahi anataka rafiki, dakika hiyo hiyo Bobi akaruka mpaka mnyororo ukakaza, paka akakimbilia juu ya tenki la maji na akakaa huko mpaka jioni. Jingine, juzi mtoto alisogelea bakuli la ugali la Bobi, Bobi akanguruma, mdogo wangu akachukua fimbo ampige ili aache hiyo tabia, nikamzuia kwanza nije niulize. Mkia ukitikisika si furaha? Na mbwa akinguruma kwa mtoto tumfanyeje? Sitaki kumtoa Bobi, lakini sitaki pia mtoto wa watu aumie kwangu.

BwanaMifugo_Moro:
Mkuu umefanya vizuri kuzuia ile fimbo, na ntaanza na hiyo maana ndo yenye hatari kuliko ya paka. Mbwa anaponguruma anakwambia "sogea, sijisikii salama", hajaamua kung'ata bado, anakupa nafasi. Ukimpiga kila anaponguruma hofu yake haiondoki, inabaki vile vile, kinachoondoka ni onyo, halafu siku moja anang'ata kimya kimya na watu wanasema kang'ata bila sababu. Huyo ni mbwa niliyemuona mara nyingi sana vijijini na mjini. Akinguruma mtoe mtoto pale taratibu, bila kelele, na kuanzia leo Bobi ale mahali ambapo mtoto hafiki kabisa, akimaliza bakuli linaondolewa.

Kuhusu mkia, mama hajakosea sana, mkia wa furaha upo, ila huo unaenda na mwili mzima: kiuno kinacheza, mwili umelegea, mdomo uko wazi, masikio yamelala kidogo nyuma. Ule uliousema wewe uko juu, mgumu kama fimbo, unatikisika kwa kasi na mwili umekaza. Huo ni wa kupandwa mori. Angalia na manyoya ya mabegani na mgongoni, yakisimama ujue amechemka, inaweza kuwa hasira au woga au vyote. Kuna watafiti wa Italia mwaka 2007 walirekodi mbwa kwa kamera wakakuta mbwa akimuona mwenye nyumba mkia unaelemea zaidi upande wake wa kulia, akimuona mbwa mgeni mbabe unaelemea kushoto. Kwa macho ya kawaida huwezi kuona hiyo tofauti kwa hiyo usihangaike nayo, nimeitaja ili mjue kwamba mkia kutikisika una maana zaidi ya moja.

MlinziWaUsiku:
Mi nafundisha mbwa wa ulinzi, naongezea hapo kwa Bwana Mifugo. Kabla ya kunguruma kuna vitu vidogo ambavyo watu hawavioni kabisa. Mbwa anageuza kichwa pembeni, analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga mwayo wakati hana usingizi, anainua mguu mmoja wa mbele anabaki nao hewani. Hizo zote anakuomba mpoe. Yule mama wa Norway Turid Rugaas ndo alizitangaza sana, na ukianza kuziangalia unaziona kila siku hata kwa mbwa wa mtaani wanaokutana jalalani, mmoja anazunguka kwa upinde badala ya kwenda usoni moja kwa moja, mwenzie ananusa chini kama hajamuona, wanapishana bila ugomvi.

Sasa dalili ninayoiogopa mimi kuliko kunguruma ni mbwa KUGANDA. Alikuwa anakula, mtu kasogea, ghafla taya zimesimama, kichwa kiko juu ya bakuli, hatingishiki, jicho linakuangalia kwa pembeni mpaka unaona weupe wake. Hapo zimebaki sekunde chache sana. Usimguse, usimpigie kelele, usimkazie macho, simama ubavu ubavu halafu rudi nyuma polepole. Na mtoto wa miaka minne mkuu hawezi kusoma haya, anapenda kumkumbatia mbwa shingoni na kumwekea uso usoni, kwetu huo ni upendo, kwa mbwa wengi huko ni kubanwa. Mbwa na mtoto wasibaki peke yao hata dakika moja hata kama mbwa ni mpole namna gani.

Halafu nikwambie kitu kingine, mbwa wa kushinda kwenye mnyororo hana pa kukimbilia, akiogopa njia pekee iliyobaki ni kusogea mbele. Kama una nafasi mjengee banda lenye uzio, mtembeze asubuhi. Utaona anapoa.

UkhtiMalindi:
Asalaam aleykum. Mie niko Unguja, nyumbani paka hawaishi, ntasema ya paka maana naona kila mtu kamshughulikia mbwa na huyo maskini wa juu ya tenki kasahaulika.

Mkia wa paka ni kinyume cha wa mbwa. Paka akija kwako mkia umesimama wima ncha imejikunja kidogo, hiyo ndo salamu yake njema. Akianza kuupiga huku na huku kachukia, mwache. Nenda Forodhani usiku ukae karibu na meza za mishikaki utawaona, paka kakaa ametulia kabisa, hasogei, lakini ncha ya mkia inacheza cheza na masikio yanageuka kufuata mkono wa muuzaji, akitokea paka mwenzie akamsogelea yale masikio yanalala pembeni yanakuwa bapa, hapo ujue kofi linakuja. Akikunja mgongo akajivimbisha manyoya akatoa ile sauti ya kupuliza, huyo anaogopa, anajifanya mkubwa, mpe njia ya kutokea. Msimbane kwenye kona mkamletea mbwa ati wazoeane!

Na mwambieni huyo mtoto paka akilala chali tumbo juu asimshike tumbo. Mbwa anapenda kukunwa tumbo, paka wengi wanakufunga mkono kwa kucha za miguu yote minne. Mtoto amfundisheni kukaa chini, amwangalie paka huku anafumba macho polepole na kufumbua, kuna utafiti wa Uingereza wa 2020 ulionyesha paka wanamsogelea zaidi hata mtu mgeni akiwafanyia hivo. Mie nafanya kila siku, wanakuja.

KijanaWaGoba:
Asanteni sana wakuu, dada wa Unguja wa aleykum salaam. Nimemwonyesha mama hii ya mkia mgumu, jioni tumemuangalia Bobi kaenda kumpokea baba getini, kiuno chote kinacheza, paka alipopita dirishani mkia ukapanda ukakaza. Tofauti ipo kweli. Swali la mwisho, hawa wawili wanaweza kuja kuelewana au nimpe shemeji pole tu?

BwanaMifugo_Moro:
Wanaweza, ila kwa umri wa Bobi itachukua muda. Watafiti wa Tel Aviv mwaka 2008 waliangalia nyumba zenye mbwa na paka, waliokutanishwa wadogo, paka chini ya miezi sita na mbwa chini ya mwaka, walielewana vizuri zaidi, na wengi walikuwa wanaelewa ishara za mwenzie hata zile zenye maana iliyo kinyume na zao. Wewe anza na harufu, chukua kitambaa alicholalia paka kiweke karibu na Bobi wakati anakula, na cha Bobi kwa paka. Siku kadhaa hivo. Halafu waonane kwa mbali, Bobi akiwa kwenye kamba mkononi mwako, paka awe na pa kupanda juu. Bobi akimtazama paka halafu akageuza kichwa mwenyewe, mpe kipande cha nyama hapo hapo. Akikaza macho na mwili, ongeza umbali, usimvute kwa nguvu wala kumfokea. Ukiona weekend hii wamefika mita kumi kwa utulivu inatosha, usiwakimbize.

Na kabla ya yote hayo wote wawili wachanjwe kichaa cha mbwa, paka pia anaambukiza. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako, mara nyingi kuna chanjo za kampeni karibu na tarehe 28 Septemba siku ya kichaa cha mbwa duniani, lakini kwa hali ya hapo kwako usisubiri mpaka Septemba. WHO wanasema karibu asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto akikwaruzwa au kung'atwa hata kidogo, oshea kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, msipake mafuta wala dawa ya kienyeji, nendeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa ni wenu.