Mifumo ya serikali imepunguza foleni, au imezihamishia steshenari?

Isyesye: Wakuu, tuambiane ukweli. Karani aliyekuwa anapokea hela dirishani halmashauri kazi ile hana tena. Unapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12, unalipia kwenye simu. Leseni ya biashara ni TAUSI, maombi ya kazi ni Ajira Portal. Ila pita Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya asubuhi uone foleni za steshenari. Swali: mifumo hii inaleta ajira au inaua? Mimi nasema inaua, na vijana wa steshenari wanakula kwa ujinga wa watu tu.

MamaToner: Ujinga wa watu? Haya, tuanze hapo. Mtu wa maombi ya kazi analeta picha za vyeti alizopiga na simu, kivuli cha kichwa chake kimelala juu ya muhuri. Vyote viskaniwe upya, vigeuzwe PDF, vipunguzwe ukubwa bila herufi kufifia. Kashika karatasi ya matokeo ya kidato cha nne na sio cheti. Matangazo ya kazi yanasema wazi haipokelewi, yeye anakwambia weka hivyo hivyo. Nakala hazina muhuri wa wakili. Barua haina sahihi, tena ni ya mwaka jana, imeelekezwa kwa mwajiri mwingine. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi ya NIDA. Unapambana na hayo yote kwa elfu tano, halafu unaitwa mla ujinga!

Kitasa: Elfu tano hatuna ugomvi nayo. Ugomvi ni nywila. Wengi wenu mnamfungulia mteja akaunti kwa barua pepe ya steshenari na namba ya simu ya kijana wa zamu. Mwaka unaofuata nywila imesahaulika, anaomba mpya, ujumbe unaenda kwenye simu ya kijana aliyeshahamia Tunduma. Akiitwa usaili hajui. Barua pepe ifunguliwe kwa laini ya mteja mwenyewe, nywila iandikwe nyuma ya bahasha ya vyeti, basi. Ni dakika kumi.

MamaToner: Dakika kumi kwa mtandao wa wapi? Na mteja mwenye kitochi je? Umeongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa nyuma ya kaunta.

Kamwene_Mafinga: Kamweneeee. Mnagombania elfu tano, mbolea mmeiacha. Ruzuku ilizinduliwa hapo hapo kwenu Mbeya, Nane Nane ya 2022, DAP na urea zikashuka hadi 70,000 mfuko wa kilo 50. Enzi za vocha za karatasi kulikuwa na kamati ya vocha kijijini. Sasa mkulima anasajiliwa, namba yake inakuja kwa SMS, anaenda nayo kwa wakala, wakala anaskani msimbo wa kwenye mfuko kwa simu. Vinavyokwamisha ni viwili. Kwanza ukubwa wa shamba: ukiandikiwa ekari 1 na wewe una 4, mgao ni wa ekari 1, na wakala hana pa kurekebishia, unarudi kijijini. Pili laini: ulisajiliwa kwa laini ya mtoto, mtoto yuko Dar, SMS iko Dar. Mahindi hayasubiri, urea ikichelewa wiki mbili yameshapita magoti. Kwa hiyo aliyeingiza taarifa kijijini ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote, na halipwi kama anavyostahili. Ila wazee wengine, hasa huko Tukuyu, hata namba za umeme wa luku hawawezi kuingiza, mfumo utafanyaje?

NdiziMbivu: Wewe wa Mafinga, wazee wa Tukuyu wamekukosea nini? Luku waliingiza vizuri kuliko nyie. Mwaka 2024 mita zote zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa sababu kihesabu cha dakika cha mfumo wa mita, kilichoanzia 1993, kilikuwa kinajaa. Ukinunua umeme wakati ule ulikuwa unapewa mistari mitatu ya tarakimu 20. Miwili ya kwanza inabadilisha ufunguo wa mita, wa tatu ndio yuniti. Mwenye haraka anarukia wa tatu, mita inakataa, anapiga simu kulia ameibiwa. Na aliyekuwa na umeme wa akiba, namba zake ziko kwenye daftari hajaziingiza, akasasisha kwanza, akiba ile ilikufa, ufunguo wa zamani hautambuliki tena. Hao waliolia hawakuwa wazee wa Tukuyu.

Isyesye: Jamani, swali lilikuwa ajira.

Kitasa: Ajira ipi? Msoma mita wa umeme aliondoka luku ilipoingia, hakuna aliyemlilia. Na humo humo kwenye luku serikali inakata kodi ya jengo, 1,000 kila mwezi, bila mkusanyaji hata mmoja.

MamaToner: 1,500. Ilipanda Julai 2023. Nyumba ya kawaida 18,000 kwa mwaka. Mtu hajui hata anachokatwa, anatufundisha nywila.

Kitasa: Nimekosea mia tano, sio herufi ya cheti cha mtu.

Kamwene_Mafinga: NdiziMbivu, yaishe, ndaga. Ila wapo ambao rimoti ya luku haiwaki kabisa, wanasema mita mbovu.

NdiziMbivu: Hiyo ni betri. Yuniti zikiisha umeme umekatika ndani, rimoti inategemea betri. Mita ikiwa kwenye nguzo huwezi kuifikia, kwa hiyo bila betri huna pa kubonyeza. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.

Isyesye: Betri zipi, kubwa au zile nyembamba?

NdiziMbivu: Inategemea rimoti. Fungua kifuniko cha nyuma kwanza, uende dukani nazo mkononi.