Wakuu naomba vitabu vya hela na uwekezaji ambavyo mtu wa mshahara wa hapa Tanzania anaweza kuvitumia kweli

Mpimaji_Mpanda
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa maabara, nimeajiriwa halmashauri moja huku Katavi, bado mgeni kazini, sijaoa. Nikishalipa chumba na kutuma nyumbani nabakiwa na kama laki na nusu kwa mwezi na mpaka sasa hiyo hela inakaa tu kwenye akaunti ya mshahara inaliwa na makato. Nataka kuanza kuwekeza ila sitaki kuingia kichwa kichwa, nataka nisome kwanza. Shida kila nikiuliza naambiwa kasome Rich Dad Poor Dad. Nimeshakisoma, kimenipa moto kweli, ila nilipokimaliza sikujua hiyo laki na nusu niipeleke wapi. Vingine nikifungua nakuta mambo ya Marekani tu, mara akaunti ya kustaafu ya 401(k) mara kadi za mkopo, na vile vinene vinanichosha nikitoka zamu ya usiku. Kuna washkaji wananivuta kwenye forex, ile biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, nimewaambia wasubiri kwanza. Naomba mnipangie kipi kianze kipi kifuate, na nikishasoma nifanyeje kwa mazingira yetu.

Mzee_wa_Hisa
Mdogo wangu umeuliza vizuri. Mimi nipo soko la hisa la Dar toka CRDB wanaingia 2009, hisa tuliuziwa shilingi 150, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Anza na The Richest Man in Babylon cha George Clason. Ni cha mwaka 1926, chembamba, hadithi tupu za watu wa Babeli ya kale, mwanzoni zilikuwa vijitabu vilivyokuwa vinagawiwa na mabenki na makampuni ya bima. Humo hukuti mambo ya 401(k), unaambiwa tu kwamba katika kila kumi unayopata moja ni yako, itoe kabla hujamlipa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo mshahara ukiingia tarehe 23 au 24, siku hiyo hiyo ile laki na nusu iondoke kwenye akaunti ya mshahara, usisubiri mwisho wa mwezi uone kitakachobaki maana hakibakigi kitu.

Kikifuata The Psychology of Money cha Morgan Housel, cha 2020. Sura zake fupi fupi, unasoma moja unalala, kwa mtu wa zamu kinakufaa sana. Kuna habari za mzee mmoja wa Vermont kule Marekani, Ronald Read, alifanya kazi kituo cha mafuta halafu akawa mfagizi, alipofariki 2014 wakakuta ameacha kama dola milioni nane. Hakuokota hela wala kurithi, alinunua hisa za makampuni makubwa akatulia nazo miaka na miaka. Mimi kitabu hiki nampa kila kijana anayenijia na habari za forex.

Cha tatu ni The Intelligent Investor cha Benjamin Graham. Hicho usikimalize chote, utakichukia bure. Tafuta toleo la 2003 ambalo Jason Zweig ameweka maelezo yake baada ya kila sura, usome sura ya 8 na ya 20. Warren Buffett, yule mwekezaji bilionea wa Marekani aliyefundishwa na Graham pale chuo cha Columbia, hizo sura mbili ndizo huwa anazisisitiza. Ya 8 inamhusu Bwana Soko, yule mbia wako anayekuja kila siku na bei mpya, leo ana furaha anakutajia bei ya juu, kesho amekata tamaa anataka kukuuzia kwa bei ya kutupa, na wewe hulazimiki kufanya naye biashara hata siku moja.

Njoro254
Niongeze hapo kwa Bwana Soko kutoka huku Nairobi. 2008 Safaricom walipouza hisa kwa shilingi 5, watu walipiga foleni mpaka barabarani na wengi walichukua loan ya benki ndio wanunue. Mwaka uliofuata ilikuwa imeshuka chini ya 3. Mwenye loan hakuwa na choice, benki inataka pesa yake, akauza kwa hasara. Mwenye alitumia pesa yake mwenyewe akakaa nayo, 2021 aliiona ikipita 40. Kampuni ni ile ile na bei ya kuingilia ilikuwa ile ile, tofauti ilikuwa pesa imetoka wapi. Ukisoma hiyo sura ya 8 ukiwa na hii stori kichwani haitakupita.

Kipepeo_wa_Kyela
Mimi naomba nimtetee Kiyosaki, mwandishi wa Rich Dad Poor Dad, kidogo. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo hakuna aliyewahi kutuambia kuna mali inayokuingizia hela na kuna mali inayokutoa hela, unanunua gari kwa mkopo unaona umefanikiwa. Kitabu chake cha 1997 ndicho kilichonifungua macho mimi na wadogo zangu wote. Usikitupe mkuu.

Mzee_wa_Hisa
@Kipepeo hapo kwenye mali tupo pamoja. Ninachomuonya kijana ni habari ya kutajirika kwa mikopo. Mmarekani anakopa nyumba kwa miaka 30 riba haibadiliki. Mtumishi wa hapa anakopea mshahara, anakatwa mpaka inabaki ile moja ya tatu ya kisheria, katikati ya mwezi mtoto anaumwa anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nimeshawaona wenye digrii zao wamekwama hivyo na inaniuma sana, maana walikuwa na nia nzuri na kitabu mkononi.

Mama_Kikoba
Mwanangu hongera kwa kuwaza mapema. Mimi nitakutajia kimoja ambacho wengi hawakitaji, Portfolios of the Poor, cha 2009. Watafiti walifuatilia familia za kipato cha chini Bangladesh, India na Afrika Kusini kwa mwaka mzima, wanaandika kila shilingi inayoingia na inayotoka. Wakakuta hata anayeishi kwa dola mbili kwa siku ana akiba huku, deni kule, mchezo na majirani, yaani anaendesha mambo mengi kwa wakati mmoja kuliko tunavyodhani. Nilipokisoma niliona wanawake wenzangu wa kikobani mle ndani. Sisi sanduku letu lina kufuli tatu, funguo zipo kwa watu watatu tofauti, na mwenye sanduku hana ufunguo hata mmoja, hela inahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Kwa hiyo usidharau kikundi kizuri hapo kazini kwenu, ila hakikisha unawajua watu wake.

Na la pili mwanangu, 2009 DECI, ule mchezo wa upatu, ilipoanguka watu walikuwa wameshapanda mbegu zao humo, yaani hela zao, wengine kupitia makanisani kabisa, na wasomi walikuwemo. Yeyote anayekuahidi hela yako itarudi mara mbili ndani ya miezi, hata akiwa ndugu, kataa.

Bint_wa_Chumbageni
Samahanini naomba kuuliza hapo hapo, kwa sisi tunaokwepa riba hivi vitabu vinatusaidia? Na hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa, si ni riba moja kwa moja?

Sharifu_Mkunazini
Dada yangu, Clason ile sehemu ya kutenga moja ya kumi haina tatizo, na Housel anaongelea tabia zaidi, subira na kutotamani ya watu. Kwenye vitendo ndo uchague. Hatifungani za kawaida ziache. Hisa tazama biashara yenyewe, benki za riba, TBL ya bia na sigara unaziruka, unabaki na kama Twiga Cement, tena hapo muulize sheikh wako kuhusu madeni ya kampuni. Na sukuk, yaani hatifungani za Kiislamu zisizo na riba, zimeshaanza kutolewa hapa kwetu, fuatilia.

Mpimaji_Mpanda
Nashukuruni sana wazazi na kaka zangu, nimejifunza zaidi ya nilivyotegemea. Mzee_wa_Hisa sasa nikishamaliza hivyo vitatu, hela yenyewe inaanzia wapi?

Mzee_wa_Hisa
Usisubiri umalize. Soma huku hela inaenda. Kwanza jaza akiba ya dharura, matumizi yako ya miezi mitatu mpaka sita, iweke mahali unapoweza kuitoa haraka kama mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Ila kabla hujaweka hata mia, chukua waraka wa matarajio wa mfuko wenyewe uusome, unakwambia hela inapelekwa wapi na kutoa inachukua siku ngapi. Huo nao ni kitabu, tena ndicho kitabu cha kwetu, na watu hawakisomi. Mfuko wao wa Umoja ndio mkongwe, ulianza 2005, lakini una hisa ndani kwa hiyo thamani ya kipande, yaani fungu lako ndani ya mfuko, inapanda na kushuka, usiuchanganye na Ukwasi.

Dharura ikishajaa, laki na nusu mara saba ni milioni na elfu hamsini, hapo unaweza kuingia mnada wa hatifungani pale Benki Kuu (BoT), wanaanzia milioni moja na riba unapewa mara mbili kwa mwaka. Piga hesabu ya 72, ukipata asilimia 12 kwa mwaka na unairudisha yote, 72 gawa kwa 12, hela inajizidisha mara mbili kwa miaka sita. Ukiona inalipa asilimia 6 ni miaka kumi na mbili. Hiyo hesabu ifanye kwa kila kitu unacholetewa, na utoe mfumuko wa bei.

Hisa zije mwisho. Mabenki yanachapisha hesabu zao kila robo mwaka magazetini, chukua ya CRDB au NMB, usihangaike na karatasi nzima. Angalia faida baada ya kodi, linganisha na robo kama hiyo mwaka jana, halafu mikopo chechefu, yaani isiyolipwa vizuri, ni asilimia ngapi. Gawio, yaani fungu lako la faida ya kampuni, ukilipwa linakatwa kodi asilimia 5 kwa kampuni iliyo sokoni. Kununua unaweza kwa simu kwa Hisa Kiganjani, ile programu ya soko la hisa la Dar, au upite kwa dalali.

Kipepeo_wa_Kyela
Mpimaji, mimi nina Clason na Housel vya karatasi, nimeshavimaliza. Nitumie PM jina la stendi nikuwekee kwenye basi la Mpanda wiki ijayo, ukimaliza mpe mwingine hapo kazini. Graham sina.

Mpimaji_Mpanda
Aisee ubarikiwe sana, nakuja PM sasa hivi. Graham nitamwagiza mtu Dar, wale wauza vitabu vya mtumba Posta.

Mzee_wa_Hisa
Mwambie aangalie jina la Zweig kwenye jalada kabla hajalipa, ya zamani hayana yale maelezo. Ukifika sura ya 8 rudi hapa na hesabu za robo mwaka za NMB tuzichambue pamoja.