Kanga imebaki kwenye treni

Kikundi: Nyumbani Barabara ya 13, Tanga

Mama: Zuhura mwanangu nimekupigia mara tatu hupokei. Kuna usalama?

Zuhura: Shikamoo Mama. Salama kabisa. Nilikuwa ndani ya treni, na huku Tokyo, Japani, kwenye treni watu hawaongei na simu. Behewa limejaa hadi mlangoni lakini kimya, utadhani imamu yuko kwenye hotuba. Nikaona haya kupokea.

Mama: Marahaba. Umekula?

Zuhura: Nimekula. Donge la wali lenye samaki katikati, limefungwa kwa mwani. Yanauzwa kila duka. Nasoma maandishi kwa simu kwanza ndiyo nanunua, nguruwe anaweza kuwamo hata kwenye supu usiyoidhania.

Shangazi Rehema: Mwani huu huu tunaolima huku?

Zuhura: Si ule Shangazi. Huu umekaushwa mwembamba kama karatasi. Na Mama, vyoo vyao vina maji! Unabonyeza tu.

Mama: Alhamdulillah. Hilo lilikuwa linanikosesha usingizi.

Mjomba Hamisi: Hilo jiji lina watu wangapi hasa?

Zuhura: Tokyo yenyewe kama milioni 14 Mjomba. Ukijumlisha na miji iliyoshikana nayo wanafika kama milioni 37. Sensa yetu ya 2022 tulikuwa milioni 61 na ushei nchi nzima. Leo nimeshuka Shinjuku, stesheni inayopitiwa na watu zaidi ya milioni 3 kwa siku, na milango ya kutokea inazidi 200. Ukikosea mlango unatokea mtaa mwingine kabisa.

Zuhura: Sasa jamani nina jambo la kuwaambia. Mama usishtuke. Leo nilipoteza ile kanga.

Mama: Kanga ipi

Zuhura: "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi".

Shangazi Rehema: Ile aliyokufunga mabegani siku unaondoka!! Zuhura!

Zuhura: Ndiyo hiyo Shangazi. Naswalia hiyo hiyo. Niliiweka kwenye kimfuko cha nguo, nikakitundika pembeni ya kiti. Kufika Shinjuku watu wakashuka kama maji ya bomba, nami nikabebwa nao. Nipo kwenye ngazi ndiyo nakumbuka mkono mtupu. Nilisimama pale nikalia, watu wananipita kulia na kushoto, hakuna hata aliyenigusa bega.

Abuu: Dada si ulisema ile treni ya Yamanote inazunguka? Ungeisubiri palepale irudi.

Zuhura: Nilifikiri hivyo hivyo Abuu. Inazunguka stesheni 30, kama saa moja. Lakini zinafuatana kila baada ya dakika chache, zote zinafanana, na kila moja ina mabehewa 11. Utajuaje ipi ni yako?

Mama: Ikawaje

Zuhura: Nikaenda dirishani kwa mfanyakazi wa stesheni, kijana wa makamo ya Kaka Salim. Hajui Kiingereza, nami Kijapani sijui, tukaongea kwa simu yake inayotafsiri. Akauliza treni ya saa ngapi, behewa la ngapi. Nikasema sijui. Halafu nikakumbuka: Mama asubuhi ya kwenu aliniambia tuma picha nikuone.

Abuu: Ile uliyosimama na mlango wa kioo!

Zuhura: Ile ile. Nilipiga stesheni ya Ueno nikisubiri kupanda. Nikafungua kikundi hiki mbele yake. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Nyuma ya bega langu, kwenye kile kioo cha jukwaani, pameandikwa 7-3. Behewa la 7, mlango wa 3. Na picha ina saa yake, saa 9 na dakika 2 alasiri ya huku. Akahesabu, akapiga simu.

Mjomba Hamisi: Subhanallah.

Zuhura: Akauliza alama ya nguo. Nikamwambia ina maneno. Akaomba nimsomee. Nikasoma, simu ikatafsiri, akainama akaandika yote kwenye karatasi, mstari mzima. Dakika kama 40 hivi akaniita: imepatikana stesheni ya Shinagawa.

Shangazi Rehema: Machozi yananitoka hapa jikoni

Zuhura: Nikaifuata. Nikaonyesha pasi, nikasaini. Wakanitolea imekunjwa pande nne, ndani ya mfuko wa nailoni, na kikaratasi cha saa na namba ya behewa. Nilivyoifungua bado ina ule udi wako Mama.

Mama: Mwanangu radhi ninazo nimekupa zamani. Huyo kijana Mungu amlipe. Ulimshukuru?

Zuhura: Nilirudi Shinjuku makusudi, tena nikapotea milango, nikampelekea halua ya Muscat niliyonunua uwanja wa ndege. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mjomba Hamisi: Umefanya vyema sana. Na Ijumaa utaswali wapi?

Zuhura: Yoyogi-Uehara Mjomba, kuna msikiti mkubwa wa mtindo wa Kituruki. Huu wa sasa ulifunguliwa 2000, wa mwanzo ulijengwa hapo hapo 1938. Nitakwenda na kanga yangu, mfukoni haiingii tena, naifunga.

Mama: Kesho ukipanda treni tuma picha. Simama pembeni, namba ya mlango ionekane.