Tupeane uzoefu: elimu ya habari iliyomtoa kijana kwenye kutazama akaingia kwenye kushiriki

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Mwaka wa sita huu nalea klabu ya habari ya vijana wa sekondari. Nilianza na kugundua uzushi basi. Siku moja ililetwa picha ya daraja lililokatika, ujumbe ukidai limekatika asubuhi ileile. Msichana mmoja aliitafuta mtandaoni, dakika tano hazikuisha akaikuta kwenye ukurasa wa miaka mitatu nyuma. Akaikuza, akatuonyesha kibao cha barabarani kilichoandikwa kwa lugha isiyo yetu. Darasa likashangilia. Ndipo kijana wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, tusiamini chochote?"

Swali lile lilininyima usingizi. Nilikuwa nimewafundisha kushuku, na anayeshuku kila kitu haoni sababu ya kwenda mkutanoni wala kupiga kura. Sasa nusu ya muda wanachunguza, nusu wanatengeneza habari yao ya jambo la karibu, na sharti wamfikie mhusika kabla ya kuitoa.

Wenzangu, nyinyi mliona nini kikimwamsha kijana? Hata yaliyoharibika semeni.

Mtangazaji wa Jioni

Ahsante kwa uzi, mkuu. Mimi nasaidia kipindi cha redio cha wanafunzi. Waliniletea habari kwamba mabomba yote ya shule hayatoi maji. Nikawauliza, mmehesabu? Kimya. Wakaenda, wakafungua moja moja: 14, na makavu ni 9. Walinuna kweli, kwa kuwa neno "yote" lilikuwa na nguvu zaidi. Tukarusha "9 kati ya 14".

Hesabu ile ndiyo iliyotuokoa. Mkuu wa shule alikuja studio amejiandaa kukanusha, akakosa pa kushika, akaishia kueleza: fedha za ukarabati zinapitishwa na kamati, na kamati haijakaa. Binti aliyekuwa na maikrofoni akamuuliza, "Kamati hiyo ina mwanafunzi?" Haikuwa naye. Leo wapo wawili, wanaingia na daftari. Mabomba 6 yametengenezwa, 3 bado, na kila kikao wanayauliza hayo 3.

Kijana wa Kamera

Mimi nilikuwa na miaka 17. Nilirekodi mtu akimwaga taka mtaroni, nikaiweka klipu na uso wake wazi. Ikasambaa usiku kucha, watu wakamtukana mpaka familia yake. Kumbe ni kibarua tu, anamwaga anapoelekezwa. Nilimfuata kumwomba radhi. Alinisikiliza, akaniuliza kwa nini sikumuuliza yeye kwanza. Sikuwa na jibu.

Nilifuta klipu, ila nakala zilishasambaa. Kiongozi wa klabu hakunifukuza. Alinikalisha tukaanza upya: nani anamlipa huyu kibarua? Mkataba wa kuzoa taka uko wapi? Tulihudhuria vikao viwili vya baraza kabla hatujapata kuusoma. Video ya pili haikutazamwa hata robo ya ile ya kwanza, lakini ndiyo iliyojibiwa kwa maandishi. Naionea fahari.

Mkutubi

Hili la kuunganisha habari na uraia si jipya wadau. Azimio la Grünwald la UNESCO, la mwaka 1982, lilishasema elimu ya vyombo vya habari imwandae mtu kuwa raia anayewajibika. Na kila mwaka tarehe 24 hadi 31 Oktoba ni wiki ya kimataifa ya elimu ya habari. Sisi huitumia kutandika mezani kurasa za mbele za magazeti ya siku moja, vijana wanaeleza nani kapewa nafasi ya kusema na nani kaachwa.

Mbinu nyingine ilitokana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliolinganisha wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari, yaani wale ambao kazi yao ni kuthibitisha kama habari ni ya kweli. Wahakiki hawakukaa kuukagua ukurasa wenyewe. Walifungua haraka kurasa nyingine za mtandao pembeni waone wengine wanasemaje juu ya mwenye ukurasa. Nawafundisha hivyohivyo vijana wangu, na sasa hata ahadi za wagombea wanazipekua namna hiyo.

Mama wa Watatu

Mnayosema ni mazuri, lakini mwanangu alitishwa. Aliandika habari ya ada zisizo na risiti, jina lake chini. Wiki nzima hakula vizuri. Nani anamlinda mtoto akishauliza?

Mwanzisha uzi

Pole sana mama, na umegusa penyewe. Kwetu habari nzito inatoka kwa jina la klabu, na mtu mzima anasaini barua ya maswali. Nikizuiwa, nafungua Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989: ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa, ya 13 haki ya kutafuta na kutoa habari. Haiondoi vitisho vyote, ila inamlazimu anayezuia aeleze sababu. Mtoto anaendeleaje?

Mama wa Watatu

Jumanne amerudi klabu. Kinasa sauti bado hataki kukishika. Anashika saa, anawahesabia wenzake dakika za mahojiano. Jana usiku nimemkuta anaandika maswali.